Drafti, Hasheem na OKC: nani anabaki uwanjani mwezi wa tano?

Mdogo wangu mmoja wa Mwanza ameniandikia, nafupisha: "Kocha shikamoo. Nina miaka 19, NBA naangalia kwenye simu usiku. Kijiweni tunabishana kila siku kuhusu msimu wa 2025-26, mmoja anasema OKC (Oklahoma City Thunder, mabingwa wa 2025) wanarudia ubingwa, mwingine anasema subiri Wembanyama na Cooper Flagg wakomae uone. Mimi nikasema namba za drafti hazidanganyi, aliyechaguliwa juu ndo mkali, wakanitajia Hasheem Thabeet wakacheka mpaka nikaondoka. Sasa wewe unamjuaje kijana atakayetoboa na unaijuaje timu ya kweli ya ubingwa?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuchekwa. Ila tuelewane kwanza, drafti tunayoongelea hapa ni ile ya timu za NBA kuchagua vijana wapya kwa zamu, siyo ile ya vizibo vya soda, ingawa kuna kitu zinafanana, kwenye zote mbili waliosimama pembeni wanajua kuliko anayecheza.

Tuanze na Hasheem maana hapo wenzako wamecheka vibaya. Mtoto wa Dar, kazaliwa 1987, mpira wa kikapu kaanza kuushika akiwa na miaka 15, sikia hiyo, kumi na tano, umri ambao wenzake kule Marekani wameshacheza miaka tisa kumi. Akaenda kumalizia shule Houston, akaingia chuo cha Connecticut, akachukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Futi 7 na inchi 3. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2, nyuma ya Blake Griffin tu. Kilichomponza kwa wabishi wa vijiweni ni waliomfuata: namba 3 James Harden, namba 7 Stephen Curry, namba 9 DeMar DeRozan. Ukiiangalia hiyo list leo lazima ucheke, lakini siku ile yenyewe hakuna aliyecheka, maana kwa mpira wa 2009 jitu linaloziba ringi vile lilikuwa mali.

Sasa angalia alipofikia. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol pale kati, na kiangazi hicho hicho wakamleta Zach Randolph. Yani unamchukua kijana ambaye kitu anachohitaji kuliko vyote ni dakika, halafu unamweka nyuma ya watu wawili ambao hawatoki uwanjani. Msimu wa kwanza akacheza wastani wa dakika 13, pointi 3.1, rebaundi 3.6, na Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards, hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Baadae Houston, Portland, OKC, na 2014 mlango ukafungwa. Mimi siku zote nasema Hasheem hakuwa mbovu, alikuwa mchanga, akapelekwa pasipo na nafasi ya kukosea. Alafu na mpira wenyewe ukamgeuka, nafika huko.

Swali langu moja ninalouliza kwa kila kijana na kwa kila timu ni hili: robo ya nne, mwezi wa tano, mpinzani keshakujua mpaka unavyopumua, kocha atakuacha uwanjani au atakutoa? Basi. Mengine yote, danki za YouTube, vipimo vya mikono, kelele za wachambuzi, ni mbwembwe za usajili tu, kama zile za kupokelewa airport na vuvuzela halafu mzunguko wa pili yuko jukwaani na tracksuit.

Kwa nini mwezi wa tano? Kwa sababu msimu wa kawaida una mechi 82, leo uko Utah kesho Denver, hakuna anayepata muda wa kukusoma. Kwenye mtoano, ambao mwezi wa tano ndo umekolea, unakutana na timu ile ile mpaka mara 7, makocha wanalala na video, kikosi kinapungua kutoka watu 10 wanabaki 7 au 8, na hapo ndo msako unaanza. Wanamtafuta mnyonge wako. Kama mnyonge ni senta mzito, yule mrefu wa kati, mtu anayelindwa na huyo senta anaitwa juu kuweka skrini, yaani kusimama amzibe njia mlinzi wa mwenye mpira, senta inabidi atoke kule kwenye laini ya pointi tatu kumfuata mtu mwepesi mwenye mpira, na hapo ni kilio. Unakumbuka fainali ya kanda ya Magharibi 2024, mechi ya pili? Luka Dončić wa Dallas alimvuta Rudy Gobert, senta wa Minnesota, nje, akamchezesha, akarudi nyuma hatua, akatupia, Dallas 109 Minnesota 108. Na Gobert ana tuzo 4 za mlinzi bora wa ligi nzima! Kama yeye anafanyiwa vile, mtu wa kawaida je.

Na ndo nilikuwa naelekea huko kwa Hasheem. Msimu wake wa kwanza timu moja ilikuwa inatupia pointi tatu kama 18 kwa mechi. Msimu wa 2024-25 ni zaidi ya 37. Uwanja umetanuka, yule mrefu wa kusimama chini ya ringi ananyanyua mikono amehamishwa mtaa kwa nguvu. Mimi nafundisha watoto hapa Dar, na kila wiki mzee mmoja ananiletea kijana anasema "kocha muone huyu urefu", kama ananiletea nguzo ya umeme. Namshukuru mzee, halafu namwambia kijana ashuke chini akae kama anakaa kwenye kigoda, ateleze kulia, ateleze kushoto. Urefu nimeshauona toka yuko getini, nachotaka kuona ni miguu.

Miguu ndo ilimfanya Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, adumu kwenye ligi zaidi ya miaka kumi. Namba 7 mwaka 2011, kutupia hajui na hajawahi kujifanya anajua, lakini anatembea. Mwaka 2016 Toronto waliumiwa na senta wao Valančiūnas, Biyombo akasimama, fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron mechi ya tatu akakusanya rebaundi 26. Ishirini na sita, bana. Ukimlinganisha na Hasheem kwa kipaji tu cha kuziba ringi sidhani kama Biyombo anamzidi. Anamzidi kubaki uwanjani.

Sasa kuna kijana namfuatilia kwa karibu kuliko hata hao mnaobishania, Khaman Maluach. Kazaliwa Rumbek, Sudan Kusini, kakulia Kawempe pale Kampala, kikapu kaanza na miaka 13. Umeona? Njia ile ile ya Hasheem kabisa, mrefu kupita kiasi, kaanza kachelewa, katokea huku kwetu. Ila huyu kakuta mlango mwingine. Akachukuliwa akademi ya NBA kule Saly, Senegal, akacheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, na timu tatu tofauti ikiwemo City Oilers ya Uganda, akiwa na miaka 17 tu yuko Olimpiki ya Paris 2024 na Sudan Kusini, timu ile ambayo siku chache kabla pale London iliwatoa Marekani jasho mpaka wakaponea 101-100 kwa kikapu cha LeBron mwishoni. Halafu ndo akaenda chuo cha Duke, Marekani, mwaka mmoja, na 2025 akachaguliwa namba 10 akatua Phoenix. Kwa hiyo kabla hajakanyaga NBA keshacheza na watu wazima wenye ndevu, keshakosea, keshafokewa, keshakaa benchi akarudi. Hasheem hayo alikuja kuyapata akiwa tayari anatazamwa na dunia.

Na kuna kitu kingine kwa Maluach ambacho watu hawakiangalii, mitupo huru. Duke alikuwa anafunga zaidi ya asilimia 75. Ukitaka kujua kama kijana atakuja kujua kutupia usihangaike na pointi tatu zake za mwaka mmoja, ni chache na zina bahati nyingi, angalia pale anaposimama peke yake hakuna anayemkaba, mkono hauongopi. Simwambii mtu kwamba atakuwa nyota. Nasema ana nafasi ya kubaki uwanjani, na akipewa miaka mitatu ya kukosea nadhani utanikumbuka.

Upande wa pili kuna Jonathan Kuminga wa Goma, huyu kwangu ni somo gumu kidogo. Mwili wa kimashine, namba 7 mwaka 2021 kwa Golden State, ubingwa kaupata 2022 mwaka wake wa kwanza tu. Lakini mtoano wa 2025 dhidi ya Houston kuna mechi hakukanyaga kabisa. Stephen Curry alipoumia msuli raundi iliyofuata na Minnesota, Kuminga akatolewa kabatini, mechi ya tatu akatia pointi 30. Watu wakasema kocha anamwonea. Mimi nikasema hapana, vyote viwili ni kweli, pointi 30 anazo, na sababu ya kukaa nje anayo pia, maana pembeni ya Curry kazi yake haikuwa kufunga 30, ilikuwa kukata, kutoa pasi haraka, kusoma mchezo usipokuwa na mpira, na hiyo kazi hakuipenda. Kipaji kipo, kilichokuwa kinatafutwa ni nyumba ya kukaa nacho.

Haya, Wembanyama. Hapa sibishani na mtu. Baba yake ana asili ya Kongo kwa hiyo na sisi tunamdai kidogo, si unajua. Namba 1 ya 2023, msimu wa kwanza pointi 21.4, rebaundi 10.6, bloku 3.6 akaongoza ligi nzima, kura za chipukizi bora akazoa zote bila hata moja kumkimbia. Na timu yake San Antonio Spurs wakamaliza 22-60, yaani kushinda 22 kupoteza 60, rekodi ile ile waliyokuwa nayo mwaka uliopita kabla hajaja! Hicho ndo kitu rafiki yako wa kijiweni asichokiona, mtu mmoja hata awe mrefu wa minara hakusogezi peke yake. Msimu wa 2024-25 alicheza mechi 46 tu, akakutwa na damu imeganda begani, msimu ukaishia hapo, Februari. Julai madaktari wakamruhusu. Sasa wamemleta De'Aaron Fox, wana Stephon Castle chipukizi bora wa 2025, na drafti ya 2025 wakapata namba 2, Dylan Harper. Wemby ukimvuta nje umkabie huko kama Gobert, anarudi kwa hatua mbili na mkono unafika. Hawindiki. Namuona mtoano ndani ya msimu wa 2025-26 akiwa mzima, ubingwa bado, Spurs wengine pale bado hawajawahi kuwindwa wajue inavyouma.

Flagg naye usimchukulie poa. Dallas waliipata namba 1 wakiwa na asilimia 1.8 tu ya bahati, miezi mitatu baada ya kumuuza Luka, mpaka watu wakaanza kutafuta mchawi. Kijana kutoka Maine aliyechaguliwa akiwa na miaka 18, Duke alitia wastani wa pointi 19.2, rebaundi 7.5, asisti 4.2. Kilichoniridhisha siyo hizo namba. Ni kwamba analinda pointi gadi, analinda fowadi, anakimbilia bloku upande ambao siyo wake. Kijana wa aina hiyo hata siku mkono umegoma kocha hamtoi. Tatizo ni alipoangukia, Kyrie Irving aliumia goti Machi 2025, Anthony Davis waliyekuwa naye 2025 ana mwili wa kioo, na mtoto anaweza kujikuta anabebeshwa gunia ambalo si lake mapema mno.

Sasa OKC, maana wewe uliuliza ubingwa. Ukiona vyaelea vimeundwa. Desemba 2, 2021 hawa OKC walipigwa na Memphis 152-79, pointi 73, kipigo kikubwa kuliko vyote kwenye historia ya NBA. Msimu ule wakamaliza 24-58. Misimu iliyofuata: 40-42, halafu 57-25, halafu 68-14 na kombe. Shai Gilgeous-Alexander waliletewa 2019 na Clippers waliokuwa wanamtaka Paul George, na juu yake wakapewa rundo la nafasi za drafti, moja ya hizo ndo ikaja kuwa Jalen Williams, namba 12 ya 2022. Chet Holmgren namba 2 mwaka huo huo. Lu Dort hakuchaguliwa na mtu. Alex Caruso hakuchaguliwa na mtu. Hapo ndo uone na hoja yako ya namba za drafti inavyokwenda, Shai mwenyewe alikuwa namba 11, Tyrese Haliburton aliyekutana naye fainali namba 12, Pascal Siakam wa Indiana namba 27, na Jokić huko Denver namba 41. Namba inakwambia siku ile watu walikuwa na matumaini kiasi gani, haikwambii zaidi ya hapo.

Lakini kilichonifanya niwaheshimu OKC siyo drafti, ni biashara moja ndogo. Mtoano wa 2024 Dallas walimwacha Josh Giddey peke yake makusudi, atupie anavyotaka, na yule mtu aliyetakiwa kumkaba akawa anaziba njia ya Shai. Giddey alikuwa namba 6 ya drafti ya 2021, walimlea wenyewe, anapasia vizuri sana, namba zake nzuri msimu mzima. Akapoteza nafasi kikosi cha kwanza na OKC wakatoka 4-2. Timu nyingine ingesema atakomaa tumsubiri. Hawa mwezi wa sita mwaka ule ule wakambadilisha kwa Caruso, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Mwaka uliofuata nusu fainali ya Magharibi mechi ya saba Denver wanapigwa 125-93, na nani aliyekuwa amemganda Jokić kiunoni kama kupe? Caruso, gadi wa futi 6 na inchi 5, analinda senta bora duniani. Mimi nilikesha usiku kuangalia mtoano ule, mke wangu anauliza kuna msiba? Nikamwambia ndiyo, Denver.

Kwa hiyo wanarudia 2025-26? Kwa mpira wenyewe nasema ndiyo, ukipanga watano wao wa mwishoni hakuna wa kumwinda. Kinachonipa wasiwasi ni historia, toka 2019 mpaka 2025 mabingwa 7 tofauti miaka 7, Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, OKC, na wa mwisho kurudia kabla ya hapo ni Golden State Warriors 2018. Siyo uchawi. Miili inachoka kucheza mpaka Juni, na sheria ya mishahara ya toka 2023 inamkaba anayelipa sana, hata biashara za kubadilishana wachezaji anafungiwa milango. Boston mabingwa wa 2024, mwaka mmoja tu Jrue Holiday na Porziņģis wakauzwa, na Jayson Tatum kakatika kano la kisigino Mei 2025. OKC hiyo bili inawasubiri pia, Shai kasaini dola milioni 285 kwa miaka minne, Chet na Williams nao wamesaini minono, ila haijafika mezani bado. Msimu wa 2025-26 wana nafuu.

Wa kuwasumbua Magharibi ni Denver, kwa sababu Jokić yupo na safari hii wamemletea Valančiūnas wa kumpumzisha, zamani Jokić akikaa dakika nne tu nyumba inaungua. Houston na Kevin Durant nilikuwa nawapenda sana mpaka Fred VanVleet akapasua goti Septemba 2025, sasa nani anatuliza mpira dakika za mwisho? Amen Thompson ni mkali wa kulinda balaa, lakini hatupii, watamfanyia alichofanyiwa Giddey, ngoja uone. Lakers na Luka nawapitia juu juu, utamu upo, difensi hamna.

Mashariki msimu wa 2025-26 unaanza mlango uko wazi, Tatum nje, Haliburton nje na yeye kakatika kano siku ya mechi ya saba yenyewe ya fainali. Kila mtu anasema New York. Na mimi ningesema, tatizo nikiuliza lile swali langu napata majibu mawili mabaya, Jalen Brunson anawindika na Karl-Anthony Towns anawindika, na Indiana waliwafanyia hivyo hivyo 2025 wakawatoa 4-2. Cleveland walishinda mechi 64 msimu ule wakatolewa 4-1 na Indiana hao hao, gadi zao mbili zote zilikuwa fupi. Kwa hiyo kichwa kinaniambia Cleveland kwa sababu wana uzoefu wa kuumia, lakini moyo uko Orlando. Paolo Banchero, Franz Wagner, Jalen Suggs, wote wakubwa, wote wanalinda, na wametoa nafasi nne za raundi ya kwanza kumpata Desmond Bane awasaidie kutupia, kitu walichokikosa miaka yote. Hiyo ni kamari na najua watu watanirudia nayo mwezi wa sita.

Kijiweni ukirudi usibishane na mtu kuhusu namba. Chagua mechi moja ya OKC, simu weka chaji, usifuate mpira, mfuate Dort tu kuanzia mwanzo wa robo ya nne, uone ni nani anamkimbia.